Kuchora ukuta wa tofali za kuchoma sebuleni, naombeni muongozo (nipo Mbeya)

MamaWawili_Ilomba:

Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya hapa Ilomba, naomba msaada kwa wenye uzoefu na mambo ya rangi. Nataka ukuta mmoja wa sebuleni, ule wa upande wa tv, uonekane ni wa tofali za kuchoma ambazo hazijapigwa ripu. Sijengi kitu, ni rangi tu, na nataka niifanye mwenyewe taratibu watoto wakiwa shule maana fundi niliyemuuliza amenitajia hela ambayo bora nipake nyumba nzima.

Ukuta una upana mita 3.6 na kimo mita 2.8. Ripu yake nzuri haijapasuka, ila kama mnavyojua nyumba zetu, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno ni rangi ya mafuta ya kahawia halafu kwenda juu ni rangi ya maji ya krimu. Dirisha lipo kushoto ukiwa umeutazama ukuta. Nimeangalia video nyingi mtandaoni, wengi wanabandika tepu wanapaka nyekundu wanabandua, ikiisha unaona kabisa hii ni miraba myekundu iliyopakwa ukutani. Hicho ndicho nakiogopa. Nataka mgeni akiingia asogee aguse kwanza ndio ajue.

Baba watoto yeye anasema nyumba yenyewe imejengwa kwa tofali za kuchoma, sasa kwa nini tuchore tofali juu ya tofali, tubandue ripu yaishe. Na sokoni Mwanjelwa nimeona zile stika za 3D za tofali, muuzaji anasema unabandika siku moja unamaliza. Nifuate lipi? Na baridi hii ya Julai rangi itakauka kweli? Asanteni.

Kihesa_Juu:

Kamwene dada. Mimi namuunga mkono shemeji, chukua tindo na nyundo mbandue ripu, chini mtakuta mali halisi. Hapa Kihesa kuna jamaa wamefungua mgahawa wamefanya hivyo, wamepiga vanishi juu, umependeza sana na watu wanaenda kupiga picha. Tofali unayo tayari unaichora ya nini?

FundiRangi_Ipogolo:

Kaka wa Kihesa nakuheshimu ila usimwambie dada abandue ripu kama hujauona ukuta. Mimi kazi yangu ni ripu na rangi huku Iringa na nyumba za tofali za kuchoma ndio nashinda nazo. Fundi akishajua ukuta utapigwa ripu hachagui uso wa tofali, anaweka iliyopinda, iliyokatika kona, na zile ambazo hazikuiva vizuri, kwa sababu anajua itafunikwa. Jointi nazo, ule udongo au simenti inayojaza kati ya tofali na tofali, kwenye nyumba nyingi ni udongo, simenti inaenda kwenye msingi na lenta tu. Sasa ripu ya simenti ikishakomaa inakuwa ngumu kuliko tofali lenyewe, ukiigonga na tindo inashuka pamoja na uso wa tofali, unabaki na ukuta wa mashimo unaomwaga vumbi jekundu kwenye makochi kila siku. Na waya za umeme zimezikwa kwenye hiyo hiyo ripu, ukibandua mabomba yake yote yananing'inia nje. Huo mgahawa inawezekana ulijengwa toka mwanzo kwa tofali zilizochaguliwa na jointi ya simenti, hapo sawa. Nyumba ya kuishi watu ambayo hujui ndani kuna nini, achana nayo.

Dada, ukuta wako unachoreka na utapendeza. Ila kabla hujanunua hata brashi toka nje. Upo Mbeya, tofali za kuchoma zimekuzunguka kila kona, tafuta nyumba ya jirani ambayo haijapigwa ripu, au pagale, simama karibu kabisa na uitazame bila haraka. Beba futi upime urefu wa tofali, kimo chake na unene wa jointi. Zile video unazoangalia wanachora tofali za kwao, ya Uingereza kwa mfano uso wake ni milimita 215 kwa 65 na jointi ni milimita 10 imenyooka, zinatoka kiwandani zote sawasawa. Zetu zinafyatuliwa kwa mkono, kila mwenye kalibu yake ana kipimo chake, kwa hiyo tofali hazilingani na fundi anaziba tofauti kwa jointi nene, sentimita moja na nusu mpaka mbili ni kawaida kabisa. Ukichora jointi nyembamba iliyonyooka kwa rula halafu ukapaka rangi ya tofali la Mbeya, mtu wa Mbeya akiingia macho yatamkataa hata kama hajui kwa nini. Hapo ndipo wengi wanapofeli, wanahangaika na wekundu wakati kinachodanganya jicho ni jointi na kivuli.

Kuhusu rangi ya mafuta hapo chini, hiyo ndio kazi ya kwanza na usiiruke. Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, itakauka vizuri tu halafu siku mtoto akiikwaruza na kiti inatoka kama ngozi. Osha ukuta kwa maji na sabuni ya unga kutoa mafuta ya mikono, suuza, acha ukauke, halafu piga msasa mpaka mng'ao wote uishe, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, upake praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, inayoshika juu ya rangi ya mafuta, muuzaji mwambie hivyo hivyo atakupa. Ile ngazi ndogo pale mafuta yanapokutana na maji usawa wa kiuno isawazishe kwa wol puti, ile ya kuziba na kulainisha ukuta, na msasa, maana ukiiacha utaona mstari umekatiza tofali zako zote kutoka kushoto mpaka kulia.

MamaWawili_Ilomba:

Fundi asante sana, Mungu akubariki. Leo nimefanya ulivyosema, kuna nyumba ya jirani haina ripu nimeenda na futi. Tofali nyingi zina urefu sentimita 22 na kimo 7, zipo za 21 na zipo za 23. Jointi nimepata moja na nusu, sehemu zingine mbili. Na kweli nimeshangaa, rangi siyo moja, kuna nyeusi kabisa za zambarau na kuna zingine zimepauka kama za chungwa, na jointi siyo nyeupe, ni kijivu cha kahawia. Sasa napangaje kwenye ukuta wangu?

FundiRangi_Ipogolo:

Vizuri sana, umeshafanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Sasa hesabu. Tofali 7 ukiongeza jointi 1.5 unapata kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, sentimita 8.5. Kimo cha ukuta ni 280, gawa kwa 8.5 unapata karibu 33. Basi weka kozi 33, gawa 280 kwa 33 inakuja kama 8.48, huo upungufu mdogo unaumezea kwenye jointi hakuna atakayeona. Ukifanya hivi kozi ya juu kabisa inaishia darini ikiwa nzima na huna kipande cha ajabu cha sentimita mbili kule juu.

Urefu nao, 22 na 1.5 ni 23.5, kwenye mita 3.6 zinaingia 15 na kinabaki kama sentimita 7 na nusu. Usikilazimishe hicho kipande kitoweke. Kozi ya kwanza anza na tofali zima kutoka kona ya kushoto, kozi ya pili anza na nusu tofali, ya tatu nzima, hivyo hivyo mpaka juu, upande wa kulia zikatike zinavyokatika. Ukuta wa kweli ukigota kwenye ukuta mwingine ndivyo unavyokuwa. Muhimu jointi ya kusimama ya kozi ya juu isikae juu ya jointi ya kozi ya chini, ikae katikati ya tofali. Ukiona zimepandana kozi mbili futa uanze upya hapo, mtu yeyote aliyewahi kuona fundi anajenga ataligundua hilo haraka.

Mistari ya kulala usitegemee dari wala sakafu, nyumba nyingi dari imelala upande. Tumia pima maji pamoja na uzi uliopakwa chaki mnaukaza wawili huku na huku mnaupiga ukutani. Kata kibanzi cha mbao ya paini, huko Mbeya paini za Mufindi zimejaa, weka alama za kozi zote 33 kwenye huo mti, kisha uusimamishe kona ya kushoto, katikati na kona ya kulia unahamisha alama ukutani. Hiyo ni haraka kuliko kupima na futi kila kozi na makosa hayajumlishiki.

Kabla ya hayo yote ukuta mzima unakuwa umeshapakwa rangi ya jointi, mikono miwili, yaani unapaka mara mbili. Nunua rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe, uichanganye na tinta, ile rangi nzito ya kukolezea, nyeusi kidogo na kahawia kidogo mpaka ifanane na jointi uliyoiona kwa jirani. Lita moja kwa kawaida inakula kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja na ukuta wako ni mita 10 na kidogo, kwa hiyo lita mbili au mbili na nusu zinatosha. Mkono wa pili changanya na mchanga laini uliochekechwa na kuoshwa ukakauka kabisa, kiasi cha mkononi tu, upake kwa brashi kwa kuzungusha usitumie rola. Jointi itakuwa na ukakasi ukiigusa, na mwanga wa dirisha ukipita kwa ubavu utaona tofauti kubwa sana na ukuta laini.

Rungwe_Kijani:

Mimi niongelee stika tu. Dada nipo Tukuyu, huku mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka na kuta zinapumua unyevu miezi mingi. Stika zile ni sponji nyembamba yenye gundi nyuma, zinazuia ukuta kupumua, kwa hiyo unyevu unajikusanya nyuma yake. Kwa rafiki yangu zilianza kufunguka kwenye kona, alipozivuta nyuma kulikuwa na ukungu mweusi na rangi yote ya ukuta ikashuka nazo. Kwako Ilomba siyo kama Tukuyu lakini masika unayajua. Na lingine ambalo wauzaji hawasemi, sponji ile ikishika moto inawaka haraka na moshi wake ni mbaya, mwenye watoto na mishumaa umeme ukikatika aangalie sana hapo. Rangi haina hilo tatizo.

Na ukitaka kujua kama ukuta wako una unyevu, kata nailoni angavu ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne usiku kucha mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani au ukuta umegeuka rangi hapo, usipake bado, tafuta kwanza maji yanatoka wapi, bati, bomba au maji ya mvua yanayopiga msingi. Ukiona unga mweupe wa chumvi usiuoshe na maji, chumvi inayeyuka inarudi ndani ya ukuta, ipige na brashi kavu tu.

NjombeBaridi:

Wakuu mnazunguka mbali. Njia ya kisasa ni kuinua tofali zenyewe. Unapaka rangi ya jointi, unabandika tepu ya karatasi kwenye mistari yote ya jointi, unapaka wol puti au jipsamu juu ya tepu kwa mwiko unene wa milimita 3 mpaka 5, unavuta tepu ingali mbichi, jointi zinabaki chini na tofali zinabaki juu. Ikikauka unapaka rangi. Mgeni akigusa anagusa tofali kabisa. Mimi nimefanya chumbani kwangu, hakuna anayeamini ni ukuta uliopakwa.

FundiRangi_Ipogolo:

Njombe hiyo njia ni nzuri na sikatai, kwa kweli kwa mtu anayetaka mgeni aguse ndio yenyewe. Ila kuna mambo matatu hukumwambia. Kwanza jipsamu inaganda ndani ya nusu saa, wakati mwingine chini ya hapo, kwa hiyo asikoroge ndoo nzima, akoroge ya kozi tatu nne tu, apake, avute tepu, ndio akoroge nyingine. Ikishaganda tepu inatoka na vipande vya tofali. Wol puti inampa muda zaidi, kwa anayeanza ni bora hiyo. Pili, puti juu ya rangi ya mafuta ambayo haijapigwa msasa itashuka vipande vipande, sasa hapo chini kiunoni ndio angeanza kulia. Tatu ni vumbi, kitu chenye ukingo kinashika vumbi, atakuwa anapiga brashi kila mara.

Na asilainishe kabisa. Tofali la kufyatua kwa mkono kona zake zimelika, uso una alama za nyasi lilipokuwa limelazwa kukauka, una vishimo vya mawe yaliyong'oka. Puti ikiwa bado laini aguse kwa dodoki kavu hapa na pale, achubue kona mbili tatu kwa kidole, kisha aache. Lile dodoki la kuogea ndilo nasema, lililokauka, nyuzi zake zinaacha alama ambayo hakuna brashi itakayoitoa.

Dada chagua kulingana na nguvu zako. Ukitaka nyepesi chora bapa, ukiwa na moyo inua kwa puti. Rangi yake ni ile ile kwa njia zote mbili, na hapo nadhani kuna mchoraji wa mabango humu, wa Mafinga, anajua kuliko mimi, aje aseme.

MchoraMabango_Mafinga:

Nimeitika fundi. Dada kwenye rangi ndipo ukuta unapopona au unapokufa, nisome kwa utulivu.

Usinunue kopo la rangi nyekundu. Nyekundu ya kopo ni ya bendera, hakuna tofali la hivyo. Wekundu wa tofali unatoka kwenye chuma kilichomo kwenye udongo kikikutana na moto na hewa, ni kutu hasa, kwa hiyo anza na oksaidi nyekundu, ile ile ya sakafu, au tinta ya rangi hiyo, uichanganye kwenye rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, uongeze njano ya udongo na kahawia. Hiyo ndio rangi yako mama. Kutoka hapo tengeneza nyingine mbili, moja iliyopauka kwa kuongeza njano na nyeupe, na moja nzito kwa kuongeza kahawia na tone la bluu au nyeusi, ile ya zambarau uliyoiona kwa jirani.

Hizo tofauti zina sababu na ukiijua hutapanga ovyo. Tanuru likichomwa, tofali zilizo karibu na midomo ya moto zinaiva kupita kiasi zinakuwa nyeusi nyeusi na zingine uso unayeyuka kidogo kama kioo. Za katikati zinaiva sawa. Za nje kabisa kule kwenye udongo uliokandikwa zinapata moto kidogo zinabaki na rangi ya chungwa. Wanaochomea pumba za mpunga na wanaochomea kuni wanapata madoa tofauti lakini mpango ni huo huo. Halafu lori linashusha, zinachanganyika, fundi anaokota bila kuangalia rangi. Kwa hiyo kwenye ukuta wako nyingi ziwe za rangi mama, za kupauka chache, nyeusi chache zaidi, na usizipange moja ruka moja. Mara nyeusi mbili zikae jirani, mara upite kozi mbili nzima bila hata moja. Ukijikuta unapanga kwa mpangilio, simama upumzike.

Kifaa, nunua kipande cha sponji ya godoro, kata kwa wembe saizi ya tofali lako, punguza milimita mbili tatu kila upande maana ukikandamiza inatanuka. Mimina rangi zote tatu kwenye sahani moja bapa zikae jirani bila kukorogana, bonyeza sponji ichukue mama nyingi na hizo mbili kidogo, ikandamize kwanza kwenye gazeti kupunguza, ndipo ukutani. Usiiburute, bonyeza na uinue. Kila tofali linatoka na madoa yake na hakuna mawili yanayofanana. Zungusha sponji juu chini kila mara, la sivyo kishimo kile kile cha sponji utakiona kimejirudia ukuta mzima. Nusu tofali utakata sponji nyingine ndogo. Kwa njia hii huhitaji tepu kabisa, na kingo zinatoka laini zimelika kidogo, ndio uhalisia wenyewe, tepu inatoa kingo za kisu.

Ikikauka, pita na dodoki au kitambaa kilichokunjwa chenye rangi nzito iliyochanganywa na maji mengi, gusa gusa baadhi tu. Na rangi ya jointi nayo ichukue kidogo kwa brashi kavu uipitishe juu ya tofali chache, maana mafundi wetu wakijenga udongo unamwagikia uso wa tofali na hakuna anayefuta.

Sasa kivuli. Umesema dirisha lipo kushoto. Basi mwanga unaingia kutoka kushoto, kwa hiyo kila tofali litatupa kivuli chini yake na kulia kwake. Kama umechora bapa chukua brashi ndogo nyembamba, rangi ya kahawia nzito siyo nyeusi, iliyolegezwa kwa maji, vuta mstari wa milimita mbili au tatu kwenye jointi, chini ya tofali na ubavuni kulia. Mkono utetemeke kidogo, mstari ukatike mahali, uwe mnene mahali. Juu ya tofali na ubavu wa kushoto weka mwanga mwembamba sana wa ile rangi iliyopauka, na usiweke kwenye kila tofali. Ukikosea upande, ukaweka kivuli kushoto wakati dirisha lipo kushoto, jicho linakataa na ukuta wote unageuka mchoro. Kama umeinua kwa puti usichore kivuli kabisa, mwanga wenyewe utafanya kazi, ukichora juu yake vinagongana.

Mwisho wa hapo, rangi zote zisiwe za kung'aa. Ukitaka kulinda tumia vanishi ya maji isiyong'aa, mkono mmoja. Vanishi ya mbao yenye mng'ao itaua kila kitu ulichofanya, taa ya sebuleni ikiwaka utaona ukuta unameta.

Kihesa_Juu:

Nimesoma mpaka mwisho, nimekubali, nami nina ukuta wa varanda nataka nijaribu. Swali kwa mchoraji, varanda inapigwa na jua na mvua inaruka ruka, hizo rangi zitadumu?

MchoraMabango_Mafinga:

Nje tumia rangi ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya nje, siyo ya ndani. Zile oksaidi hazipauki na jua, ndio maana sakafu zinadumu, ila tinta zingine za rangi kali zinapauka mapema. Puti nayo iwe ya nje, ya simenti. Jipsamu nje usithubutu, ikilowa inalainika.

MamaWawili_Ilomba:

Ndaga fijo wote, kwa kweli sikutegemea kupata elimu hii. Nimeamua nitainua kwa puti sehemu ya katikati na nitaanza na majaribio kwenye kipande cha siling bodi kwanza kabla ya ukuta. Nimebakiwa na mambo mawili. Baridi, maana hapa asubuhi mikono inakufa ganzi, dada wa kazi ananiambia niwashe jiko la mkaa sebuleni nifunge madirisha ikauke haraka. Na tv, ile itatundikwa kwenye huo huo ukuta, na kuna soketi mbili.

FundiRangi_Ipogolo:

Dada jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa HAPANA. Moshi wa mkaa ule usioonekana hauna harufu na unaua watu wakiwa usingizini, kila msimu wa baridi tunasikia. Na hata rangi yenyewe haikauki vizuri hapo, ukifunga madirisha unyevu hautoki na majivu yanakuja kukaa kwenye rangi mbichi. Nakuomba sana hilo ulifute kichwani, na dada wa kazi mwambie.

Rangi ya maji kwa kawaida isipakwe joto likiwa chini ya nyuzi 10, na Mbeya Julai usiku inashuka chini ya hapo. Kwa hiyo anza saa nne asubuhi jua likishapasha ukuta, acha saa tisa alasiri, ukiacha madirisha wazi mpaka jua linapoanza kuzama. Uliyopaka saa kumi na moja jioni italala mbichi na baridi, asubuhi unakuta imeweka mabaka. Puti ya milimita tano katika baridi hii usiipake rangi kesho yake, iache siku mbili tatu, ukiona bado ina mabaka meusi meusi ya unyevu subiri. Ikishakuwa nyeupe yote sawasawa na ukiigusa kwa mgongo wa mkono haina ubaridi wa maji, endelea.

Soketi, zima swichi kubwa kwanza, fungua vifuniko, usipige puti kuzunguka kifuniko kikiwa kimefungwa maana siku ukitaka kubadilisha kitatoka na tofali mbili. Piga puti mpaka ukingo wa boksi, ikikauka rudisha kifuniko juu yake. Kama skrubu zinakuwa fupi kwa sababu ya unene nunua ndefu kidogo, usizilazimishe.

Tv ndio hivi. Toboa matundu ya breketi na uweke fisha, zile plastiki za kushika skrubu, kabla ya puti, siyo baada. Ukitoboa baadaye drili inatetemesha ukuta, puti inapasuka kuzunguka tundu. Sehemu ile breketi inapokaa iache bapa bila kuinua, ipake tu rangi ya tofali kwa sponji, tv itafunika na breketi itakaa sawa ukutani bila kuning'inia juu ya vichwa vya tofali. Waya za tv zipitishe kwenye bomba lililochimbiwa ndani ya ripu kabla hujaanza chochote, kama hilo huliwezi muite fundi umeme siku moja tu, hiyo hela itoe. Ile kipande ya siling bodi ukimaliza iegeshe pale pale ukutani, iache ikae siku nzima uitazame asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka, ndio ujue kama ile nyeusi umeizidisha au bado. Kisha tuletee picha humu, upige moja kwa mbali na moja karibu kabisa kutokea upande wa dirishani.